Kulwa Wawili

Mkojo wa Kulwa ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na Roza, mama yake, aliusukuma mfuko wa mkojo kwa mguu chini ya kitanda ili mama wa kitanda cha jirani asiuone.

Siku hiyo aliona haya kwa kila kitu. Asubuhi Sista Violet alimfunua mtoto tumbo mbele ya wodi nzima, akazionyesha chale mbichi. "Nyie watu wa ng'ombe! Malaria imemmaliza damu, nyie mnamchanja!" Wodi ikacheka. Roza alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kwa hiyo mchana, Sista alipotundika mfuko wa damu ulioandikwa KULWA SAULO, Roza alinyamaza. Kusoma anajua, darasa la saba alimaliza. Alijua wake ni Kulwa Mihayo, na kwamba yule wa Saulo amelala pale mlangoni. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, na huku Usangu Wasukuma wamejaa tele. Lakini aulize, achekwe tena? Jamani, alinyamaza! Haikupita robo saa, mtoto akawa anatetemeka na kulalamika mgongo.

Dokta Brayson alikuja jioni. Hakuwa mkali.

"Mama, chembe za damu zimepasuka. Ile rangi nyekundu ikimwagika, inaunguza figo. Damu ina protini zake za kuidaka na kuipeleka kwenye ini, isidhuru. Sasa imemwagika nyingi mno, protini zimekwisha. Inapita hivihivi mpaka kwenye figo."

"Zimekwisha? Si mumwongeze?"

"Mwili ndio huzitengeneza, tena polepole. Sisi hatuna. Anahitaji mashine ya figo, iko Mbeya mjini."

Akamsogezea karatasi ya rufaa. Roza akaisoma kimyakimya: *Chanzo: dawa za kienyeji alizopewa na mama.*

"Dokta, ile damu iliandikwa…"

"Chale nani alimchanja?" Sista Violet akamkatiza. "Mimi?"

Roza akavuta shuka, akazifunika chale.

"Bila sahihi, mama, gari haiondoki," alisema dokta, akitazama dirishani.

Sista alishafungua kidau cha wino. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuandika. Roza akachovya kidole gumba, akakandamiza, uso ukimwaka kama wa mwizi aliyekamatwa sokoni.

"Sasa gari itatoka, dokta?"

"Mganga mfawidhi akishasaini. Yuko Iringa, kwenye semina ya usalama wa damu. Anarudi Ijumaa."

Ilikuwa Jumanne.

"Asante, dokta," alisema Roza.