Kitoe au Mtoe

Paka wetu anaitwa Kifungo. Ni mweusi mwili mzima, ila kifuani ana doa jeupe la mviringo, kama vile fundi alimshonea kifungo kimoja akaishiwa uzi. Mama mdogo ndiye aliyempa jina hilo, na ndiye aliyenipa mimi langu. Ananiita Haya, kwa sababu kila nikiambiwa jambo jibu langu ni hilo, na kwa sababu wateja wakiingia dukani huwa nainamisha uso kwenye kitambaa mpaka watoke. "Jina lako ni kama koti la kugeuza," huniambia. "Linavaliwa pande zote mbili."

Duka letu ni chumba cha mbele, na cha nyuma tunalala. Mama mdogo anakaa kwenye cherehani karibu na mlango, anashona sare za wauguzi, za walinzi na za wafagiaji. Mimi nakaa ndani kabisa, nyuma ya meza ya kukatia. Napinda pindo, natoboa matundu ya vifungo, nashona vifungo. Paka hulala kwenye kikapu cha vipande, miguuni pangu. Watu wasipokuwepo huwa naongea naye, tena mambo marefu. Kwa watu maneno yangu hugoma njiani. Kwa paka hutoka yenyewe.

Taabu ilianza na kifaranga. Fundi viatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anafuga kuku na vifaranga uani kwake. Asubuhi moja alisimama mlangoni ameinua manyoya mawili matatu, kama abiria anayeonyesha tiketi.

"Mama Sare," alisema. Mtaa mzima humwita mama mdogo hivyo. "Haya ndiyo yaliyobaki ya kifaranga wangu. Mengine yako tumboni mwa paka wako."

"Ulimwona akimla?"

"Nilimwona juu ya ukuta anajilamba."

"Kujilamba nako ni kosa? Wewe ukinawa uso nikuitie polisi?"

"Usinichekeshe, leo nimekasirika. Paka afungiwe ndani."

"Paka si mfungwa, jirani. Miguu yote minne ile unataka akae nayo chini ya meza?"

"Basi sikiliza. Nikimkuta tena uani kwangu, sikurudishii paka. Nakurudishia ngozi. Kazi yangu unaijua."

Alisema hivyo akicheka nusu. Ile nusu nyingine ndiyo iliyonikosesha raha. Mama mdogo alimjibu jeuri mpaka akaondoka, kisha, alipoona hatazamwi, akafunga dirisha la nyuma.

"Akae ndani kwanza," akaniambia. "Mpaka yule bwana apoe."

"Haya," nikasema.

Kuanzia hapo kila mteja akawa na lake. Muuguzi aliyekuja kupima gauni alitusifu kwa kumfungia. Paka wake aligongwa na pikipiki mbele ya macho yake. "Paka wa ndani ndiye anayezeeka," alisema. Nikamwamini. Akaingia mfagiaji kufuata suruali, akatikisa kichwa.

"Mimi wangu nilimfungia, akawa kama mtu aliyefiwa. Nikamwachia, akarudi na mimba."

"Si ndiyo hasara yenyewe," akasema muuguzi.

"Hasara? Nilipata wanne."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka ndani ya kitambaa. Huyu naye nikamwamini. Ndiyo shida yangu. Nikisikiliza mtu namwona ana haki, akija mwingine akamkanusha, namwona naye ana haki, na mwishoni nabaki na haki mbili zinazopigana kichwani mwangu.

Kifungo mwenyewe hakunisaidia. Mwanzoni alilia dirishani, akakwaruza mlango, akakojolea kitambaa cheupe cha wauguzi, nami nikajiona askari jela. Halafu akanyamaza. Akala vizuri, akanenepa, manyoya yakang'aa. Nikashindwa kujua kama amezoea au amekata tamaa. Hata kwa watu huwa sijui kutofautisha. Mimi sijafungiwa na sitoki, na hakuna aliyewahi kuuliza ni kwa nini.

Siku ya mkasa, mama mdogo alijiandaa kwenda kununua nyuzi na vitambaa kwa jumla. Kabla ya kutoka alimtazama paka kwenye kikapu, akasonya.

"Huyu naye nitamwachia siku yoyote. Namwonea huruma."

Nikabaki na kazi zangu. Kwenye kamba kulikuwa na makoti ya walinzi yamening'inia, mengine mapya, mengine ya kurekebisha. Mchana simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mama mdogo katikati ya kelele za magari na watu.

"Haya, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nimesahau kukwambia." Hapo honi ikapiga, ikameza mwanzo wa neno. "…toe kifungo. Mwenyewe atarudi jioni."

"Haya," nikasema.

"Umeelewa?"

"Haya."

Akakata.

Mtoe Kifungo. Mwenyewe atarudi jioni. Niliona ni maneno ya mtu anayemjua paka wake. Na asubuhi si alisema atamwachia? Hata hivyo kitu kilinikwaruza. Simu nilikuwa nayo mkononi, ningeweza kumpigia nimwambie, "Mama mdogo, hebu rudia." Nilimfanyia paka mazoezi ya maneno hayo, yakatoka vizuri. Nikashika simu, nikamfikiria mama mdogo katikati ya kupatana bei, wauzaji wote wamegeuka kumsikiliza. Nikaiweka simu mezani.

Nikafungua mlango. Kifungo alikuja taratibu mpaka kizingitini, akakaa. Miguu ya mbele nje, ya nyuma ndani.

"Toka basi," nikamwambia. "Umeruhusiwa."

Akatazama nje. Akanitazama mimi. Akatazama nje tena. Nilidhani mtu aliyefungiwa akifunguliwa huruka. Huyu alikaa hapo kama mtu aliyesahau alichokuwa anakitaka, mpaka upepo ukapitisha mfuko wa plastiki mbele yake. Hapo akatoka. Hakwenda barabarani. Alipanda ukuta, akageukia uani kwa fundi viatu, akashuka upande wa pili.

Kuanzia hapo kila tundu nililotoboa lilikwenda upande.

Jua lilipoanza kulegea akaingia mlinzi mmoja, mtu mzima, mnene wa shingo.

"Habari za kazi, dada. Kifungo tayari?"

Nikainamia kitambaa. "Tayari. Ametoka."

"Ametoka?"

"Tangu mchana."

"Nani, Mama Sare?"

"Kifungo."

Mlinzi akatazama kwenye kamba, akanitazama mimi. "Dada, mbona mimi naona kipo?"

Nikageuka haraka kwenye kikapu. Kilikuwa kitupu. "Hayupo," nikasema.

"Kipo. Kile pale, cha juu, kwenye koti langu. Kinanikaba mpaka nashindwa kumeza mate. Mama Sare kaniambia atakupigia simu ukitoe, nije mwenyewe jioni nichukue koti."

Kipo. Ukitoe. Niliisikia ile "ki" ikiingia sikioni kama uzi kwenye tundu la sindano. Ndiyo iliyokuwa imemezwa na honi.

"Kwa hiyo mwenyewe ni wewe," nikasema.

"Mwenyewe wa nini?"

"Wa kurudi jioni."

"Dada, unaumwa?"

Nikasimama, nikavaa kandambili. Sijawahi kumtuma mtu wa umri ule, lakini nilisikia mdomo wangu ukisema, "Nilindie duka, narudi." Nikiwa mlangoni nikamsikia nyuma yangu. "Nimetoka lindo naingia lindo. Haya, tulinde."

Nilipita nyuma ya nyumba kwanza, nikachungulia juu ya ukuta. Uani kwa fundi viatu sikuona paka. Wala sikuona kuku. Nikaenda upande wa barabara nikaanza kuita. Mwanzoni niliita kwa sauti ile niliyozoea kumwitia chini ya meza. Kinyozi wa jirani akatoa kichwa.

"Dada, unanong'ona nini?"

"Kifungo."

"Cha miaka mingapi?"

Mteja wake, sabuni shavuni, akadakia. "Mwache, anatafuta kifungo cha nje."

Wakacheka. Siku nyingine ningerudi ndani nisitoke wiki nzima. Lakini niliona kwamba wakati nasimama pale nikiona aibu, huenda kisu cha fundi viatu kilikuwa kinafanya kazi. Nikaita tena kwa nguvu, "Kifungo," na sauti ikatoka pana mpaka mwenye duka la mbele akageuka. Sikuitambua kuwa ni yangu.

Sikujibiwa. Mlango wa fundi viatu, ambao mchana kutwa huwa wazi, ulikuwa umefungwa. Nikabisha.

"Nani?"

"Haya."

"Haya nini?"

"Haya wa Mama Sare."

Mlango ukafunguka kidogo, likatokea jicho, halafu mlango ukafunguka wote. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kisu cha ngozi juu ya meza. Cha pili ni Kifungo, amelala chali juu ya lundo la viatu visivyo na soli, lile doa jeupe limetazama juu. Nilisimama nikisubiri tumbo lake lipande. Likapanda. Likashuka. Likapanda tena.

"Nimemfungia," akasema fundi viatu. Hakuwa anacheka hata nusu. "Usimwambie Mama Sare."

"Umemfungia kwa nini?"

"Vifaranga wamekwisha. Wote. Kuku mwenyewe nimempeleka kwa ndugu yangu. Panya, binti. Tangu mlipomfungia huyu wameingia kama kwao. Nimemwona mmoja kwa macho yangu anaburuta kifaranga. Sasa wanatafuna viatu vya watu."

"Na yule kifaranga wa kwanza?" Sijui swali lile lilitoka wapi.

Fundi viatu alijikuna kisogo. "Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Manyoya niliyaona. Paka nilimwona. Panya sikumwona. Sasa sijui."

Tukasimama tukimtazama paka, kama vile angesema yeye. Kabla hajasema chochote akaingia mama mdogo, mfuko wa nyuzi mkononi, na mlinzi nyuma yake.

"Nafika dukani namkuta huyu amekaa kwenye cherehani yangu," akasema. "Ananiambia Kifungo ametoka. Nani kamfungulia?"

"Wewe, mama mdogo."

"Mimi?"

"Kwenye simu."

"Mimi nilisema kitoe."

"Mimi nilisikia mtoe."

Mlinzi akainua mkono kama mtoto darasani. "Na changu mimi bado hakijatolewa."

"Subiri wewe." Mama mdogo akamtazama paka, akatazama kisu. "Tunakwenda. Anarudi ndani, na safari hii natia kufuli."

"Mama Sare," fundi viatu akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "paka si mfungwa. Mwache atembee."

"Ni wewe unayesema?"

"Ni mimi. Miguu minne ile akae nayo chini ya meza?"

"Afungiwe, jirani. Barabarani kuna pikipiki, na wewe uliniahidi ngozi."

"Ule ulikuwa utani."

"Nusu."

"Basi awe anakuja kwangu usiku tu. Nitamfungia humu na panya, asubuhi namrudisha."

"Kwa hiyo afunguliwe kwangu afungwe kwako. Huo ndio uhuru wake?"

Mlinzi naye akasema paka wa kwao hakufungiwa na hakurudi, kisha akasema labda alikohamia analishwa vizuri zaidi, kisha akasema hajui. Kila mmoja alikuwa na haki, kama kawaida. Kisha wakageuka kunitazama mimi.

"Haya, wewe ndiye unayeshinda naye," mama mdogo akasema. "Unasemaje? Alale huku kwa jirani?"

Nilitafuta kitambaa cha kuinamia, hakikuwepo. Mezani kulikuwa na kipande cha ngozi, nikakichukua, nikakitazama.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Halali huku. Na kule hafungiwi. Nilipomfungulia alikaa kizingitini. Hakutoka, hakubaki. Mlango uachwe wazi kidogo. Nitahamia mimi pale mlangoni niwe namwona. Panya mtegee mtego, fundi."

Sikujua kama nimesema sawa au nimeharibu. Fundi viatu akanyoosha mkono, nikadhani anamtaka paka. Alikuwa anataka ngozi yake.

"Mlangoni ni mahali pangu mimi," mama mdogo akasema hatimaye.

"Najua, mama mdogo."

Akambeba Kifungo kwapani, tukarudi. Dukani aliivuta cherehani yake kando. Nikaleta kigoda changu, nikakiweka penye nafasi iliyobaki, na koti la mlinzi magotini. Mlango niliuegemezea pasi usijifunge. Barabara ilikuwa pana kuliko nilivyokuwa nikiiona kutoka nyuma ya meza. Kinyozi akanipungia. "Umekipata?" Nikanyoosha kidole kizingitini.

Kifungo alikuwa amekaa palepale, miguu ya mbele nje, ya nyuma ndani.

"Anatoka au anaingia?" mama mdogo akauliza.

"Sijui."

Nikaingiza wembe chini ya kile kifungo cha juu, nikakata uzi. Kikaniponyoka, kikaanguka sakafuni, kikabingirika kupita mbele ya pua ya paka, kikavuka kizingiti, kikaenda kulala mchangani. Paka alikitazama, wala hakuinuka. Kifungo kikatoka, Kifungo akabaki.

"Kifuate wewe basi," mlinzi akasema. "Ni cha kampuni."

Nikaweka koti chini, nikamruka paka, nikatoka.