Taa Isiyopumzika ya Tambarizi

Nchi ya Tambarizi imelala baina ya safu mbili za milima yenye vipara, na pale mito yake mitatu inapokutana umejengwa Mji wa Mng'aro, wenye barabara pana kuliko wingi wa magari yake na majumba marefu kuliko haja ya watu wake. Mtawala wake alikuwa Mwinyi Tamalaki, mtu mnene wa sauti nyembamba, aliyezungukwa na mawaziri kumi na wanane ambao kazi yao kubwa ilikuwa kukubali kabla hajasema. Kuna nchi zinazotawaliwa kwa bunduki, na nyingine kwa sala. Tambarizi ilitawaliwa kwa kumbukumbu. Nani kazaliwa na nani kafa, shamba hili la nani na kaburi lile la nani, yote yaliwekwa ndani ya kompyuta moja katika Jumba la Kumbukumbu, juu ya meza ya mpingo, nyuma ya ukuta wa kioo ili kila apitaye aione. Asiyekuwamo humo hakuwamo duniani, hata kama amesimama mbele yako anakohoa.

Kwenye uso wa kompyuta hiyo palikuwa na taa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Hapo zamani ilikuwa ikipepesa tu: mashine ikisoma au kuandika jambo kwenye diski yake, taa inawaka, ikimaliza, inazima. Kisha ukaja mwaka ambao watu wa Bonde la Mikoche walihamishwa, kwa muda mfupi, waliambiwa, ili kupisha bustani ya Mwinyi. Tangu mwaka huo taa ikawaka isizime tena, na mashine ikawa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Cheti kilichotoka kwa dakika mbili kikawa kinatoka kwa siku tatu.

Badala ya kutafuta fundi, Waziri wa Kumbukumbu, Makengeza, alitafuta maneno. Alitangaza kwamba taa isiyozima ni alama ya serikali isiyolala. Taa ikachorwa kwenye bendera, ikatiwa kwenye kanga, watoto wa shule wakafundishwa kuiimbia, na sheria ikapitishwa kwa makofi: maadamu taa inawaka, Mwinyi yuko kazini, na Mwinyi akiwa kazini haulizwi.

Mwasiti, fundi wa kompyuta wa Mtaa wa Bisibisi, hakuwa na haja na taa hiyo. Haja yake ilikuwa mama yake. Bi Sanura alikuwa mtu wa Bonde la Mikoche, na kwa miaka minne, kila Jumatatu, alijifunga kanga akaenda kwenye dirisha la Jumba la Kumbukumbu kuulizia shamba lake. Jumatatu moja alirudi, akakaa kizingitini pa kibanda cha bintiye bila kuvua viatu.

"Shikamoo, mama. Vipi leo?"

"Marahaba. Leo asubuhi nilikuwamo, mwanangu. Karani kanisomea jina langu, na la marehemu baba yako, na mipaka yote mpaka kwenye mkuyu. Akaenda kuchukua muhuri. Aliporudi, sikuwamo."

Mwasiti aliweka chini bisibisi yake. Moyoni alifikiri kwamba uzee umeanza kumchezea mama yake. "Labda karani alisoma vibaya, mama."

"Karani alilia, Mwasiti. Mtu aliyesoma vibaya hucheka, akaomba radhi. Yule alilia."

Siku chache baadaye Makengeza mwenyewe alishuka mtaani, akiruka madimbwi. Mwinyi alikuwa anakaribia kutimiza miaka ishirini ya utawala, akataka nasaba yake ichapishwe isomwe mbele ya umma. Mashine ilikuwa imeitafuta kwa siku tisa, haijafika hata kwa babu.

"Nataka mashine iende mbio," alisema Waziri. "Lakini taa isizime hata dakika moja."

"Mheshimiwa, taa ni ulimi wa mashine. Nitamtibuje mgonjwa aliyekatazwa kusema?"

"Utajua mwenyewe. Waliokutangulia wakashindwa hawakurudi kwao."

Basi Mwasiti akaingia Jumba la Kumbukumbu siku ya mapumziko, madirisha yote yakiwa yamefungwa na viti vya makarani vitupu. Makengeza alikaa nyuma yake na kikombe cha kahawa. Mlangoni alisimama askari mmoja, kijana mrefu mwenye bunduki.

Alianza na lililo jepesi. Alifungua kasha, akapuliza vumbi, akafuata waya mwembamba wa taa mpaka ulipochomekwa, maana waya huo ukikosewa mahali pake taa huwaka tu bila sababu. Ulikuwa mahali pake. Akaangalia kama kumbukumbu ya muda ni finyu, kwa sababu mashine iliyobanwa hivyo huhamishia mzigo wake kwenye diski, ikawa inakwenda na kurudi bila kituo. Ilikuwa ya kutosha na kubaki. Akabadilisha kebo ya diski. Taa ikaendelea kuwaka vilevile. Mwisho akaweka sikio kwenye diski, akasikia inakereza ndani kwa ndani, kama panya kwenye dari.

Akarudi kitini. Taa haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema kweli, kwamba kuna kazi inafanyika humo ndani. Lakini kazi gani, na makarani wote wako majumbani mwao?

Akaita orodha ya kazi zilizokuwa zikiendeshwa na mashine. Mbili zilikuwa juu ya zote. Ya kwanza iliitwa Usafi. Ya pili haikuwa na jina. Alizifuata polepole, mstari kwa mstari. Usafi ilikuwa ikipita kwenye madaftari yote ya nchi, na kila ilipomkuta mtu wa Bonde la Mikoche, hai au maiti, ilimfuta. Ile isiyo na jina ilikuja nyuma yake na nakala ya zamani, ikamwandika upya. Usafi ilipofika mwisho ilikuta wote wamerudi, ikaanza tena.

Mwasiti akaandika jina la mama yake. Lilikuwamo. Akahesabu pumzi zake, akaliuliza tena. Halikuwamo. Akangoja, akauliza mara ya tatu, likatokea na mipaka yote mpaka kwenye mkuyu. Akaukumbuka uso wa mama yake pale kizingitini, na jinsi yeye mwenyewe alivyomdhania, akaona aibu iliyomfanya ainamishe kichwa juu ya meza ya mpingo.

"Umeona nini?" aliuliza Makengeza.

"Kazi mbili zinapigana, Mheshimiwa. Moja inafuta, moja inarudisha."

Waziri hakushtuka. Aliweka kikombe chini. "Dambaya," alisema, kama mtu anayetema kokwa. Dambaya alikuwa mtunza kumbukumbu wa kwanza wa Tambarizi, mzee aliyefia kifungoni. "Tulimwuliza mwaka mzima ameficha nini humu. Alikuwa anatutazama tu. Zima hiyo yake. Usafi ukimaliza, mashine itapumzika."

"Na taa itazima."

"Waya wa taa utauchomeka kwenye umeme wa moja kwa moja, iwake siku zote. Hilo linawezekana?"

"Linawezekana."

"Basi fanya. Kesho watu wote watakuwa kwenye kioo."

Mwasiti alijua kwamba Makengeza hasomi lugha ya mashine. Mistari ile kwake ilikuwa nyayo za kuku. Aliifuta mikono yake kwenye gauni. Kisha akaweka kidole kwenye Usafi, akaizima, akaing'oa na mizizi yake yote. Ile isiyo na jina akaiacha imalize kuandika. Waya wa taa hakuugusa. Alifunga kasha, akasema kazi imekwisha ila sharti akae na mashine mpaka sherehe zipite, na Waziri, akiitazama taa ambayo bado ilikuwa inawaka, akakubali.

Asubuhi uwanja ulijaa. Mwinyi Tamalaki alikaa kwenye kiti kilichoinuliwa mbele ya ukuta wa kioo, watoto wakaanza kuimba. Walikuwa ubeti wa pili taa ilipopepesa. Ikapepesa tena, kwa mara ya kwanza tangu watoto wale waanze kukumbuka mambo, kisha ikazima.

Wimbo ulikatika wenyewe. Watu walitazama kioo, wakamtazama Mwinyi, aliyekuwa hajaelewa na bado anapunga mkono. Kisha mwanamke mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Mwinyi, watu wa Mikoche watarudi lini?" Swali lile likapokewa na mwingine, na mwingine.

Kwenye dirisha la kwanza karani alikuwa ameshafungua daftari. Bi Sanura alikuwa mbele ya foleni. Karani alisoma jina, akasoma la marehemu, akasoma mipaka. Muhuri safari hii alikuwa nao mkononi.

Ndani, Makengeza alikuwa amebana mlango kwa mgongo wake, jasho linamtoka. "Iwashe," alimwambia Mwasiti. "Iwashe sasa hivi!"

"Haina kazi ya kufanya, Mheshimiwa. Imepumzika."

Waziri akamgeukia yule askari wa jana. "Ivunje. Vunja mashine yote, vipande vipande."

Askari alisogea mpaka mezani, akainua kitako cha bunduki. Akakiacha hewani. Nje, maswali yalikuwa yamegeuka mvumo mmoja usio na maneno, na kioo kilikuwa kinatetemeka kidogo.

"Fundi," alisema askari bila kumtazama Waziri, "mimi mama alikufa huko Mikoche kabla hatujahamishwa. Kaburi lake limo humo?"

"Jina lake nani?" aliuliza Mwasiti.

Kijana akalitaja, herufi moja baada ya nyingine, huku mikono yake ingali juu.