Mfunga Njia wa Vilima Vitano

"TANGAZO kwa mataifa yote na kwa bweni la pili! Jumamosi hii, baada ya sala ya asubuhi, Msafara Mkuu wa Kwanza wa Utalii wa Baiskeli utaondoka langoni kwenda kuvuka nyanda za juu za Kamina, ukipita vilima kumi na viwili ambavyo jicho la msafiri halijawahi kuviona."

Vilima vyenyewe vilikuwa vitano, na wauza makala walivipita kila siku. Msafara Mkuu ulikuwa wanafunzi saba wa bweni, wasichana watatu na wavulana wanne. Baiskeli zao hazikuwa na kengele hata moja, na mbili zilisimama pale tu mwendeshaji alipobana gurudumu kwa soli ya kiatu. Lakini Nahum Kabwe, mwenye umri wa miaka kumi na sita na mwandishi wa tangazo hilo, aliamini kwamba jambo likitangazwa kwa sauti nene huwa limekwisha kuwa kweli nusu.

Nusu nyingine ilikuwa kazi ya Béthanie. Yeye ndiye aliyeziokota baiskeli hizo saba nyuma ya karakana ya shule, moja baada ya nyingine, zikiwa mifupa mitupu. Alizishona tairi, akaziunga minyororo, kisha akaenda ofisini kwa Mama Prefe, mkuu wa shule, kuomba ruhusa ambayo hakuna msichana wa bweni aliyewahi kupewa: kutoka langoni juu ya baiskeli.

Mama Prefe Salomé alivua miwani. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekwisha kumwambia maoni yao kuhusu wasichana, sketi na matandiko ya baiskeli.

"Nitajaribu mara moja," alisema. "Saa kumi kamili muwe mmerudi. Wasichana wakichelewesha msafara, au hizo baiskeli zako zikiharibika njiani, ni mwisho. Wavulana wataendelea, ninyi mtabaki ndani."

"Saa kumi, Mama," alisema Béthanie, na tangu siku hiyo alitembea akihesabu dakika kama mtu anayehesabu vifaranga.

Abdias, mwana wa katibu wa kanisa, aliteuliwa kuongoza. Alikuja na soksi nyeupe zilizofika magotini. Nahum akapewa kazi ya kutangulia peke yake na kufunga njia.

Kufunga njia ni sheria ya watu wanaosukuma baiskeli zenye mizigo kati ya Kasai na Katanga. Anayetangulia, akifika njia panda, hukata tawi lenye majani mabichi na kulilaza mdomoni mwa njia isiyofaa. Anayefuata haulizi. Huipita iliyo wazi, hata kama hamjui aliyekata tawi, hata kama tawi limekatwa jana. Hakuna kibao wala ramani juu ya nyanda zile, ila nyasi zinazolala na kuinuka kwa upepo mpaka macho yachoke. Kuna matawi tu, na yanatosha.

Nahum aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa muda wa vilima viwili.

Katika njia panda ya kilima cha tatu alishuka. Njia ya kulia ilipanda mgongo wa kilima, nzuri, bila maji. Ya kushoto iliteremka kwenye dembo, bonde pana la nyasi ambako maji hayana haraka ya kuondoka. Nahum aliipita ya kushoto mwezi wa nane; ilikuwa na vumbi na kidimbwi kimoja tu, kisha ilipanda tena baada ya robo saa. Kidimbwi kimoja! Alizifikiria soksi za Abdias. Alipambana na dhamiri yake kwa muda wa kutosha kuvunja tawi. Kisha akalilaza mdomoni mwa njia ya kulia, ile nzuri, akaweka na jiwe juu yake kwa heshima ya mila, akapita kando ya tawi, akapanda kilimani akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

Jambo lililomtoka kichwani ni dogo. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na mvua zilikuwa na wiki tatu.

Juu ya kilima cha tano alimkuta Mwalimu Tshiamala, anayefundisha jiografia, amekwisha kufika kwa pikipiki na sufuria ya bukari, ugali wa huko, na samaki. Wakaketi, wakangoja. Saa sita ikapita, kisha saa saba. Bukari ikafanya ngozi.

"Nahum, bale bengine beko wapi?"

"Banakuya, Mwalimu. Banaangalia uzuri wa inchi."

Saa saba na nusu Mwalimu alisimama. "Minyi narudia ku barabara kubwa. Pengine balipotea kule."

Barabara kubwa ilikuwa upande mwingine kabisa. Nahum akasimama pia.

"Mwalimu, kuko kitu inaniambia kama beko chini, ku dembo."

"Kitu gani?"

"Moyo, Mwalimu."

"Moyo yako inajua jiografia kupita weye? Mutihani ulipata ngapi?"

"Ine juu ya makumi mbili."

"Basi moyo inyamaze."

Kabla moyo haujajitetea, mtu alitokea kwenye mgongo wa kilima akisukuma kinga, kama wanavyoiita baiskeli huko, iliyobeba magunia mawili. Alikuwa mzee wa miaka hamsini hivi, na tope lilimfika kiunoni. Huyo alikuwa Papa Nkongolo, aliyejulikana na vijiji vyote vya huko. Aliwapelekea chumvi na sabuni. Gunia la chini lilikuwa likidondosha maji meupe ya chumvi.

"Papa, ulipata nini?" aliuliza Mwalimu.

"Nilipata tawi," alisema Papa Nkongolo, akaegemeza baiskeli yake taratibu kama mtu anayelaza mgonjwa. "Nilipita kwenye iko wazi. Maji! Nikarudi nyuma, nikavuka tawi kwa nguvu. Batoto benu nimebaacha ndani ya dembo, kinga ku mabega. Kuko mutoto mwanamuke, njo anabaonesha pa kukanyaga."

"Pengine upepo ulisukuma tawi, Papa," alisema Nahum.

Papa Nkongolo alimtazama. "Upepo uliweka na jiwe juu?"

Nahum akaichunguza sufuria kwa makini.

"Miaka makumi mbili nasukuma," aliendelea mzee. "Bantu balinidanganya. Makaratasi ilinidanganya. Tawi, hata siku moja. Sasa minyi nikifika njia panda nitafanya nini? Nitapiga simu?"

Waliacha sufuria, wakarudi wote watatu mpaka njia panda. Wale sita walikuwa wakitoka bondeni, mmoja mmoja, wakiwa na rangi moja ya tope. Abdias alikuwa na kiatu kimoja. Soksi zake hazikuwa nyeupe, wala hazikuwa soksi tena. Nahum aliingoja furaha aliyoifanyia kazi, haikuja.

"Saa ngapi, Mwalimu?" Hilo ndilo neno la kwanza la Béthanie.

"Nane na nusu imepita."

Walikuwa na vilima viwili vya kurudi, na udongo umekwama katika kila mnyororo. Béthanie alifumba macho, akahesabu, akayafumbua. Wasichana wenzake wawili walilisoma jibu usoni mwake, na mmoja akaanza kulia kimya kimya.

"Njo bale bauza makala," alifoka Abdias. "Balifunga njia tupotee!"

"Weye kijana, kamata mudomo!" alisema Papa Nkongolo. "Bantu ba njia habafanye vile."

"Basi nani?"

"Nahum alipita mbele," alisema mmoja.

"Nahum anajua kufunga njia," alijibu Béthanie bila kugeuka. "Hawezi kukosea vile. Anajua tukichelewa inakuwa mwisho yetu."

Afadhali angemtukana. Béthanie alisogea kuliondoa tawi, ili asipotee mtu mwingine. Akainama. Akabaki ameinama. Udongo wa kilima ulikuwa laini kwa mvua ya jana, na kando ya tawi, kwenye njia iliyofungwa, ilipita alama ya tairi ya Papa Nkongolo, pana na nzito. Chini yake, ya zamani zaidi, ilipita alama nyingine nyembamba, yenye mshono wa waya kila baada ya hatua moja na nusu.

Béthanie alisimama. Akaja mpaka karibu na Nahum, akaongea chini sana.

"Ile tairi niliishona minyi mwenyewe. Juma nzima."

"Béthanie, minyi nili..."

"Usiniambie minyi. Sitasema kitu. Weye njo utasema, na si kwangu."

Walirudi wakisukuma pale pa kupanda na wakiomba Mungu pale pa kushuka. Béthanie alikuwa wa mwisho, akisimama kwa kila mnyororo ulioruka, akiurudisha kwa vidole vyake, akimwambia mwenye nao aende. Nahum alikanyaga mbele yake na kuandaa kichwani hotuba nne, zote nzuri, na katika zote nne mwenye kosa hakuwa yeye.

Saa kumi na moja kasoro robo walifika langoni. Mama Prefe Salomé alikuwa amesimama na saa yake mkononi.

"Dakika arobaini na tano," alisema. Akamtazama Béthanie tangu kichwani mpaka miguuni. "Baiskeli ziliharibika?"

Béthanie aliutazama usukani wake. Wasichana wengine wawili walitazama ardhi.

"Nauliza. Kosa ni la nani?"

Nahum alisogea mbele, akavua kofia. "Mama Prefe, katika historia ya misafara mikubwa, dhoruba zimekuwepo, na simba, na bahati mbaya isiyo na mwenye..."

Nyuma yake alisikia mnyororo ukizunguka polepole. Béthanie alikuwa akizungusha pedali kwa mkono, akiondoa tope. Hakuinua kichwa.

Hotuba zote nne zikamwishia mdomoni.

"Njo minyi, Mama," alisema, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. "Nilifunga njia mzuri, nikabaachia mubaya. Nilitaka kucheka Abdias. Chumvi ya Papa Nkongolo iliyeyuka, ile pia njo minyi. Kinga ziliingia ndani ya dembo sita, zikatoka sita, hata moja haikukatika mnyororo. Béthanie njo alizitoa mule. Si wasichana balichelewesha bantu, njo minyi, niko hapa. Na sikupata hata tope."