Programu Namba 207

Bwana Quast aliletwa kuuhamishia mfumo wa kompyuta wa kiwanda chetu kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali za kukodi mtandaoni, na tangu Jumatatu hiyo sikupata usingizi wa maana. Sisi hapa Aalen, Ujerumani, tunatengeneza breki za lifti. Kwa miaka ishirini na sita nimeuongezea mfumo ule programu zangu mwenyewe, mia nne na kitu, na kila toleo jipya lilipokuja nilizirekebisha moja moja zisife. Sasa mtu wa kuja anazifyeka kwa orodha.

"Bi Klotzbücher, umezipigilia ukutani," aliniambia. "Mtu akihama anabeba makabati ya jikoni, habebi ukuta. Zinazohitajika tutazijenga upya nje ya mfumo. Zisizotumika, kwaheri."

"Na wewe ndiye unayejua zisizotumika?"

"Kompyuta inajua. Namba 207 haijatumika hata mara moja mwaka mzima."

Niliifungua. Mistari kumi na minne ya mkono wangu, na juu yake nimeandika: Usiiguse. Muulize Wendelin. Sikukumbuka chochote. Niliona aibu, kisha hasira zikanipanda, maana ndivyo tulivyofanya siku zote: sababu hatuandiki, tunaandika jina la mtu.

Quast alinipa mpaka saa tisa alasiri nimweleze kazi yake, la sivyo anaifuta. Wendelin, zamani msimamizi wa matanuri ya kuchomea chuma, amestaafu, na simu yake iliita tu. Saa saba mpaka saa tisa ni muda wa utulivu kwenye bustani za chama chao, anakoshinda siku hizi, hata kukata nyasi ni marufuku. Nikawasha gari, nikaenda, nikaruka lango. Nilimkuta amelala kwenye kiti cha turubai.

"Wewe mwanamke huna saa?" alinong'ona. "Jirani atanishtaki kwenye chama!"

"207, Wendelin. Inafanya nini?"

"Inazuia. Tanuri kubwa likiharibika, fungu la chuma tunaligawa kwenye matanuri mawili madogo. Hapo hakuna breki inayotoka mpaka nusu zote mbili zipimwe. Mwaka huu halijaharibika, basi. Litaharibika tu."

"Kwa nini uliniomba niiandike?"

Alijikuna shingo. "Programu yako ya mwanzo ilihesabu nusu moja kuwa fungu zima. Breki kumi na moja zikaondoka bila kupimwa. Bahati yetu tuliziwahi kabla hazijafungwa kwenye lifti."

"Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyesahau kupima. Si ndiyo maana walikushusha cheo, wakakupeleka stoo?"

"Ulikuwa na kichanga, Annegret, na mumeo alikuwa amekuacha juzi tu; wangekufukuza. Mimi nilikuwa na nini cha kupoteza? Haya, punguza sauti."

Nililia pale pale katikati ya vitunguu vyake, naye akanipa kitambaa cha kufutia mikono, kimejaa udongo.

Saa tisa kasoro dakika tano nilikuwa mbele ya Quast. Nilimweleza 207 inazuia nini, akakubali ijengwe upya, akafungua fomu.

"Asili yake?"

"Kosa la programu."

"La nani? Hapa panatakiwa jina."

Nilimtajia langu, herufi kwa herufi, na mwaka wa kosa. Kisha nikapanda ghorofani kwenye ofisi ya utumishi, maana kwenye faili la kule jina la mkosaji lililoandikwa bado ni la Wendelin.