Kopo Alilonipa Mama Kule Makambako

Mama alininyooshea kopo la ulanzi kabla hajaonja yeye, na waliokuwa karibu wakatukodolea macho.

Kwetu Ubena, anayekukaribisha pombe ya mianzi huonja kwanza mbele yako, ujue haina sumu, ndipo akupe. Hata mlevi wa kutupwa hasahau hilo. Sembuse Conjesta, mama yangu, aliyegema ulanzi tangu mimi niko mgongoni. Nikajisemea: haya, leo kaamua kunimaliza mbele za watu.

Ilikuwa Desemba mosi, Siku ya Ukimwi Duniani. Sisi wanawake tuliojiuza kwenye gesti za Makambako, kwa madereva wa malori na kwa waheshimiwa wanaotupita mchana kama hawatujui, tulikuwa tumeunda kikundi, na mwaka ule tulipewa kipaza sauti kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti wetu, Zamda, mwanamke wa Tanga mwenye ulimi wa pilipili, alinisukuma mbele.

"Yunisi, sema kwa jina lako. Lile la gesti liache huko huko gesti."

Nikasema. Kazi niliyoifanya miaka sita. Kwamba mwili huu ni wangu, na nikikataa nimekataa, hata kwa aliyelipa. Kwamba tukienda hospitali tunataka dawa, mahubiri tutayafuata kanisani. Wengine walipiga makofi, wengine wakachekea viganjani.

Niliposhuka ndipo nikamwona mama kando ya turubai, na dumu lake, miaka mitatu tangu aniambie nisikanyage kwake. Zamda alikuwa amempigia simu Njombe bila kuniambia. Umati wote ule sikuuogopa kama nilivyomwogopa yeye. Hakunisalimia, alimimina tu, akaninyooshea kopo.

"Mama, unanipa bila kuonja?"

"Nionje kwani wageni ni wangu?" alisema, kwa sauti ya kusikika. "Hawa ni wageni wako. Mwenye mji ndiye anayeonja. Onja, kisha unipe."

Nikanywa, machozi yakiingia humo humo. Mama akalipokea kopo, hakulifuta, akanywa pale pale nilipogusa mimi. Kisha akampa Zamda, ambaye ni Mwislamu safi. Zamda alilipokea kwa mikono miwili na kulipitisha kwa aliyekuwa kando yake.

"Mimi nalishika tu, mama. Mungu ananiona."

Tulicheka mpaka mgeni rasmi akageuka.

Namshukuru Zamda kwa simu ile, na sitachoka kumshukuru. Mama namshukuru kwa kumtembelea tu. Kila mwezi napanda basi kwenda kwake.

Jumamosi iliyopita nilichelewa. Nilimkuta amekaa na wenzake wa jumuiya, dumu limejaa, kopo kavu, midomo yao mikavu zaidi. Mmoja wao, Mzee Damiano, alinipokea mzigo haraka haraka.

"Karibu, mwanangu. Tangu saa nane mama yako anatuambia tusubiri, mwonjaji yuko njiani."