Tapeti za Pikipiki ya Mkunga

…maana injini iliyozima haigongi, hilo hata mtoto wa chekechea analijua, na hii imezima, imezima yenyewe sasa hivi mbele yangu, imekohoa mara mbili, ikatetemeka, ikakata, nimeusikia mtetemo ukifa ndani ya bisibisi, ncha nimeibana kwenye kichwa cha injini na mpini nimeukaza sikioni, chuma kimetulia tuli, na bado nasikia ti-ti-ti-ti, ile ile, haijapungua wala kuongezeka, sasa anayegonga ni nani… ngoja, usiinuke, kaa hivyo hivyo ulivyochuchumaa, fumba macho kama fundi anayepiga hesabu, mkunga amesimama upande wa pili wa tanki, mkono mmoja kwenye usukani, anasema kitu, fundi… halafu maneno yanapotea… tena?, nami natikisa kichwa, ndiyo mama, ndiyo, siku hizi kichwa changu kinatikisika chenyewe kama cha mjusi juu ya ukuta, labda ni chuma kinapoa, chuma cha moto kikipoa hulia, lakini hicho hulia kwa kusitasita, ti, unasahau, halafu ti, hakikimbii hivi kama cherehani, naondoa mpini sikioni, taratibu, najifanya najikuna… ipo, nahamia sikio la pili… ipo, naziba yote mawili kwa viganja kama mtu anayejifuta jasho, ipo, tena sasa imepata nafasi, imekaa peke yake kama mgeni aliyeachiwa sebule, Mungu wangu, iko ndani, iko kwangu, haiko kwenye pikipiki hii wala haijawahi kuwa kwenye pikipiki hii, na mimi ninayeitwa Sikio na mji mzima, mimi ambaye watu husukuma pikipiki zao kutoka huko waliko kuja kuniambia sikiliza tu fundi, usifungue, nimeikaza hii injini mara mbili kwa ajili ya mlio ulio kichwani mwangu, na sasa hivi nilikuwa nanyoosha mkono nichukue spana nikaze mara ya tatu… ile saa! saa ya ukutani maskini, niliitoa betri nikasema inanikosesha usingizi, mama watoto akashangaa, saa ina miaka sita pale ukutani, leo ndiyo imeanza kupiga kelele?, betri ikatoka, ti-ti-ti ikabaki, nikasema basi ni bomba la jikoni linadondosha, nikabadilisha mpira wa bomba, jikoni pakakauka, ti-ti-ti, nikasema panya, nikanunua mtego, mtego ukakaa wiki tatu na kipande chake cha mkate na panya hata mmoja hakujisumbua, watoto wakawa wanachelewa shule kwa sababu saa imekufa, na mama watoto akanigeuzia uso, nikaliona kila neno mdomoni mwake, mume wangu, nenda ukapimwe masikio, redio unaifungulia mpaka majirani wanapata habari kabla yetu, mtoto anakuita baba, baba, baba, wewe unatazama tu dirishani, nikamwambia mimi? masikio? unajua mjini wananiitaje?, akasema haya, sikio la kufa halisikii dawa, na la kwako sasa hata mlango halisikii, akachukua ndoo yake akatoka, nami nilicheka, nilicheka kweli kweli, mjinga mimi.

Haya, acha kujililia, fuata dalili kama siku zote, chukulia pikipiki ni ya mtu mwingine na aliyeigusa ni fundi mwingine, ungesemaje? pikipiki ya zamani, miaka ishirini na ushee, silinda moja, inapozwa na upepo, mwenyewe anaitunza kama yai, asubuhi ikiwa baridi inawaka kwa kiki moja, kwenye tambarare inakwenda, ikianza mlima ikapata moto inalegea, unavuta mafuta inanung'unika tu, haivuti, unashusha gia, unashusha tena, inazima, na ikishazima haikubali kuwaka mpaka ikae kivulini ipoe… petroli ni safi, niliimimina kwenye chupa nikaitazama juani, kabureta nimeifungua nikapuliza mpaka kitundu cha mwisho, plagi mpya, cheche ya bluu, chujio la hewa jipya, breki hazishiki, tairi nimelizungusha kwa kidole, kifuniko cha tanki kinapumua vizuri, sasa kiki… naibonyeza kiki kwa mkono, injini ikiwa ya moto hivi, inashuka laini, haina ubishi, ile pumzi inayotakiwa kukusukuma hakuna, inatorokea mahali, na asubuhi ikiwa baridi ubishi ulikuwepo, nimeuona mwenyewe, basi, ungekuwa mtihani ungejibu kabla swali halijaisha, valvu hazifungi, vile vilango vya pumzi ya injini, tapeti zinazovisukuma zimekazwa kupita kiasi, ile nafasi nyembamba kama karatasi inayoachwa kati ya tapeti na valvu ili chuma kikitanuka kwa moto kipate pa kwenda, haipo, imeliwa, valvu ikipata moto inabaki wazi kama mlango uliowekewa kiatu, nguvu inavuja yote, na ukiendelea kuiendesha hivyo valvu yenyewe inaungua, nani aliyeila hiyo nafasi? fundi gani huyo? ningemcheka mbele ya watu, ningesema huyo kajifunzia wapi, kwenye baiskeli?… ni mimi, mkunga alipoileta kumwagwa oili tu, oili tu, haikuwa na shida yoyote, nikasema subiri mama, kuna tapeti inagonga, akasema mimi sisikii kitu fundi, nikamwambia kwa majivuno, ndiyo maana wewe ni mkunga na mimi ni Sikio, tukacheka wote, nikafungua, nikakaza, mlio haukuisha, nikakaza, na fila geji ninayo, vile vibati vya kupimia nafasi, viko chini kabisa ya sanduku vimeshika kutu, kwa sababu Sikio hapimi, Sikio anakaza mpaka mlio uishe kisha analegeza kidogo kama unywele, miaka ishirini na sita hivyo hivyo na sijawahi kurudishiwa kazi, ila safari hii mlio haukuisha, na injini yenye tapeti zilizobana huwa kimya, kimya kabisa, kila mtu aliisikia iko kimya isipokuwa mimi… na si hii tu, ngoja, si hii tu, ya muuza mikate ilirudi haivuti, nikamwambia ni petroli mbaya, badilisha kituo, ya mwalimu wa hesabu nayo, ya yule bwana anayefunga antena, huyo nilimwambia kaka, pikipiki haina kosa, wewe umenenepa, watu wakaangua kicheko, naye akacheka, akajishika tumbo, akalipanda dude lake akaenda zake linamburuta, jamani, mtu wa watu.

Mkunga anasema tena, safari hii uso kaugeuza kidogo huku, napata… Alhamisi ile… kwa miguu…, hilo hata silihitaji kulisikia, Alhamisi ilimzimia katikati ya mlima, begi la kazi mgongoni, akapiga kiki mpaka mguu ukamfa ganzi, akaiegesha kando ya mtaro akapanda kwa miguu, akafika mtoto ameshazaliwa mikononi mwa bibi yake, na mama mtu damu inamtoka haikatiki, akahangaika naye mpaka alasiri, akapona, alipona, jiambie alipona, lakini mkunga alipokuja kunihadithia kesho yake alikuwa bado anaitazama mikono yake, mikono ile ile iliyompokea binti yangu wa mwisho, nami nikamwambia nini? nikamwambia mama, chombo kimezeeka hiki, fikiria kukiuza, nikamtwisha lawama pikipiki, nikautwisha na mlima, Mungu anisamehe, mtu angekufa kule juu na mimi hapa nimekaa na jina langu kubwa nakunywa chai… na leo kuna mwingine ng'ambo ya mlima ule ule, mimba ya kwanza, mapacha, hayo ameniambia alipofika, kwa bahati alininyooshea vidole viwili, anatakiwa aondoke saa tisa, na sasa ni saa sita na robo, tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, ipoe mpaka saa nane, nusu saa ya kupima na kufunga, saa nane na nusu iko tayari, muda upo, muda upo kama nitaacha kuchuchumaa hapa nasikiliza maiti… unaweza kulimaliza kimya kimya, unajua, unamwambia mama, kaa pale kwenye benchi, kuna kiuchafu kimebaki kwenye kabureta, ikipoa unafungua, unampa mgongo, unapima kwa geji, inapona, anapanda mlima inalia kama ng'ombe dume, anarudi anatangaza mtaa mzima, Sikio ni Sikio, hakuna atakayejua… ndiyo, hakuna atakayejua, na mwezi ujao ataileta tena kumwagwa oili, na ti-ti-ti itakuwepo, na mkono wangu naujua, siku ukichoka, siku watu wamejaa wananiangalia, utaenda kwenye spana wenyewe, isitoshe atakaponiambia dalili nitasikia nusu, nusu nyingine nitaitikia ndiyo, ndiyo, kama ninavyoitikia sasa, huu mwaka wa pili naitikia ndiyo, sijui nimekubali mangapi, fundi mwenzangu wa jirani alinisimulia jambo lake refu mbele ya duka nikaitikia ndiyo na yeye akanitazama vibaya, mpaka leo sijui alikuwa amefiwa au alikuwa anataka kukopa… naogopa, basi, si niseme, naogopa, fundi asiyesikia ni fundi gani, wataniitaje, watoto wa mjini hawana dogo, wataanza kunifungulia midomo bila sauti wanicheke, na ule uso wa mama watoto nikimwambia ulisema kweli, huo nao naogopa, ingawa hatacheka, yeye hatacheka, atanyamaza tu halafu atairudisha betri kwenye saa… na huyu mama hapa, huyu ndiye aliyemwambia mke wangu siku ile ya mimba yetu ya kwanza, mke anaona haya kusema panapouma, akamwambia mwanangu, mficha uchi hazai, sema, mimi siwezi kukusaidia kwa kubahatisha, nilikuwa nje ya pazia, na wakati ule nilisikia kila neno.

Ti-ti-ti-ti, haya gonga, gonga wewe, nimeshakujua… bisibisi bado iko mkononi, injini bado inanichoma kidevu, mkunga hajasogea, mkono wake bado uko kwenye usukani, ananitazama, sijui tangu lini ananitazama nikisikiliza injini iliyozima, na yeye si mtu wa kudanganywa, watu wanaomdanganya huwa wako kitandani wanauma shuka, mimi ni nani… mama, nasema, na sijui sauti yangu iko juu au iko chini, yaelekea iko juu maana muuza vocha wa ng'ambo ya barabara amegeuka, mama, pikipiki yako haina uzee wowote, tapeti nimezikaza mimi, kupita kiasi, mara mbili, nilikuwa nasikia mlio nikadhani ni wake, ni wangu, uko hapa kichwani, mwaka wa pili huu, masikio yamekwisha mama, mlimani nilikuzimisha mimi, iache ipoe, nitazipima kwa geji, si kwa sikio, na wewe utasimama hapa uone kila kibati kinavyopita, saa nane na nusu utakuwa juu ya kiti… nimesema, limetoka, nimebaki nimechuchumaa vile vile, na yeye anaitazama injini, ananitazama, anatazama njia ya mlimani, kisha anainama kuweka begi lake chini, uso umefichwa na tanki, na huko chini anasema kitu, kifupi, maneno matatu au manne, nasikia uvumi wake tu, linaweza kuwa tusi, linaweza kuwa pole, linaweza kuwa anauliza maji ya kunawa yako wapi, na kichwa changu tayari kinaanza kushuka kuitikia, ndiyo mama, ndiyo, nakishika, nakishika kwa shingo yote, nangoja ainuke mpaka niuone mdomo wake, sijakusikia mama, namwambia, hilo sijalisikia, sema tena.