Una Mtu Humu?

Jumanne saa nne asubuhi, katika ukumbi wenye viti vya mbao vinavyochana sketi, mhadhiri wa fedha za kimataifa alifuta ubao kwa mkono wa shati lake na kusema, "Sarafu iliyofungwa kwenye kitu hutulia. Isiyofungwa inaelea. Andikeni hiyo." Dada Benki aliandika. Alipofika kwenye nukta, makalio yake yalikuwa yameshaachana na kiti.

Mtaani walimbandika jina hilo siku alipochaguliwa kwenda chuo kusomea benki na fedha za kimataifa. Jirani mmoja bado humjia kila Jumapili kumuuliza kwa nini mashine ilimeza kadi yake.

Kipindi kilipokwisha, nusu ya darasa ilikuwa imefika darini. Mhadhiri aliwaomba walioko juu wasizibe taa, kisha akaita mahudhurio. Waliobaki vitini walitulia kama mafiga. Mmoja wao alikuwa Mpwa, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mjomba wake ni meneja wa benki kubwa ya mjini. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini wahenga hawakuwahi kumwona Mpwa.

"Mbona wewe hupandi?" Dada Benki alimuuliza kutoka juu.

"Sijui, dada," Mpwa alijibu kwa huzuni ya kweli. "Hata nikiruka narudi."

Nyumbani, mama wa Dada Benki, fundi cherehani, alimwona bintiye akiingia mlangoni kwa kutanguliza kichwa ili asijigonge. Alimuuliza kama amekula. Alipoambiwa bado, akamwekea sahani juu ya kabati.

Kuelea kwenyewe hakukuwa shida. Shida ilikuwa barua. Bila wiki nane za mafunzo kwa vitendo ndani ya benki hakuna shahada, na barua ya kukubaliwa ilitakiwa chuoni kabla ya Ijumaa kwisha. Dada Benki aliogopa. Miaka mitatu mama alikuwa amekanyaga cherehani kwa ajili hiyo, na sasa yote yaligeuka kuwa karatasi moja yenye mhuri.

Alhamisi alitia pasi ya mkaa mkobani iwe uzito, akaingia benki ya mjomba wa Mpwa akitembea vizuri kabisa. Katibu muhtasi wa meneja alisoma matokeo yake ukurasa kwa ukurasa.

"Hongera, mwanangu. Umefaulu kweli. Una mtu humu?"

"Sina."

Pasi ilijitahidi, ikashindwa. Dada Benki alipanda na mkoba wake. Katibu alinyoosha mkono akazima feni.

"Wa sita huyo leo," alisema. "Ukishuka, jaribu tena kesho."

Alitoka akijivuta darini. Chini yake, kwenye dirisha la fedha za kigeni, alikaa Mpwa. Hakuwa ameomba; aliambiwa tu aje na tai.

"Dada," alimwita, "hivi sarafu kuelea ndiyo nini? Mteja anauliza."

Dada Benki alieleza kwa utaratibu, na mifano miwili. Mteja akaishukuru dari, Mpwa akapiga mhuri.

Jioni mama alisikiliza habari yote huku pini zikiwa mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Eti huna mtu? Kwani mimi ni mdudu?"

Akampima kiuno, akamshonea mkanda, na kwenye mkanda akaunga lastiki yote aliyokuwa nayo, ikiwemo ya sketi za wateja.

Ijumaa mama hakufungua duka. Alisimama nje ya benki, chini ya dirisha la katibu, ameshika ncha ya lastiki kwa mikono miwili.

"Umerudi," katibu alisema. "Una mtu humu?"

"Ninaye."

Lastiki ilikaza. Visigino vya Dada Benki viligusa sakafu, vikatulia. Katibu alitoa fomu, akatoa na mhuri, akaupulizia pumzi.

"Nani?"

Dada Benki alionyesha dirisha. Katibu aliifuata lastiki kwa macho, kutoka kiunoni hadi nje, mpaka kwa mama aliyekuwa akimpungia kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Huyo yuko nje," katibu alisema kwa upole. "Mimi nimeuliza humu."

Kisha, kwa kuwa baridi ya kiyoyozi ilikuwa inapotea, akafunga dirisha. Kioo kikaikata lastiki. Dada Benki akapanda taratibu. Watano wa jana walikuwa bado darini na vyeti vyao. Wakasogea kumpa nafasi. Saa kumi na moja katibu alifunga ofisi, akawaachia taa.

Nje, mlinzi alimkuta mama bado ameshika kipande cha lastiki, akamuuliza anamsubiri nani.

"Binti yangu," mama alisema, na hakukiachia. "Yuko juu sana humo benki."